Pingili imevunjika na hakuna aliyeiona: namna ya kuitafuta kwa kompyuta kwenye CT zilizokwishapigwa

Mi ni mtu wa mionzi, niko hospitali ya mkoa, na haya mambo nilianza kuyafuatilia kwa sababu ya mama yangu mkubwa. Alipigwa CT (picha za mionzi za kukata mwili slaisi slaisi) ya tumbo kutafuta mawe ya figo, hospitali gani nisiseme, ripoti ikarudi ukurasa mzima na nusu, figo zimesemwa, ini limesemwa, nyongo imesemwa, mgongo hakuna hata neno. Mwaka uliofuata ukimwangalia anavyotembea unaona kanga imepanda nyuma na kwa mbele inaburuza chini, na nyumbani wote tunasema ndo uzee huo. Siku moja nikamwomba ile CD, nikaifungua, nikaigeuza nikatazama mgongo kwa ubavuni: pingili ya T12, ile ya mwisho ya kifua, imebonyea upande wa mbele kama boflo lililokaliwa. Yaani ilishavunjika siku ileile anatafutwa mawe, picha ilikuwepo, hela ilishalipwa, na hakuna aliyetazama.

Ndo maana mwongozo huu haukuambii umpeleke mtu akapigwe CT mpya. CT ina mionzi na ina gharama, huwezi kuwapanga bibi zetu foleni kisa tunatafuta pingili. Tunachofanya ni kuchukua picha zilizokwishapigwa kwa sababu nyingine, za tumbo, za kifua, za figo, unaiachia kompyuta ikuonyeshe mgongo umekaaje, af wewe unakodoa macho pale penye mashaka.

Kwanza elewa kwa nini zinapita. Pingili ya mtu ambaye mifupa imepungua nguvu haihitaji ajali ya bodaboda, inaweza kuvunjika akiinama kuinua ndoo, akikohoa vibaya, au bila yeye kukumbuka chochote, na maumivu yakija anaambiwa ni mgongo tu, anapakwa dawa ya kuchua. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba kama theluthi mbili ya pingili zinazovunjika namna hii hazigunduliwi kabisa. Sababu ya pili ni yetu sisi: CT inasomwa kwa slaisi za kukata mwili kama mkate, kutoka kichwani kwenda miguuni, na pingili iliyopungua kimo ukiikata hivyo inaonekana duara zuri tu. Kimo hukioni mpaka utazame kwa ubavuni. Na daktari wa radiolojia mwenye CT arobaini mezani, ameulizwa habari ya mawe, atakujibu habari ya mawe.

Na kwa nini tuhangaike mapema? Kuna utafiti wa mwaka 2001 wa wanawake waliokwishakoma hedhi, ulionyesha kwamba waliovunjika pingili, mmoja katika watano alivunjika nyingine ndani ya mwaka mmoja tu. Mmoja katika watano, mwaka mmoja! Hiyo ya kwanza ni kengele, ukiiacha ikipigwa peke yake zinafuata nyingine, af inafuata nyonga, na nyonga ikivunjika kwa mzee wewe mwenyewe unajua habari yake.

Vitu unavyohitaji

Laptopu yenye RAM kuanzia GB 16 inatosha, 8 utahangaika. Kadi ya grafiki ukiwa nayo kazi inakwenda mbio, usipokuwa nayo inakwenda pia, polepole, unaenda kunywa chai unarudi. Programu mbili, zote za bure. Ya kwanza ni 3D Slicer, ni ya kufungulia picha za hospitali na kupimia. Ya pili inaitwa TotalSegmentator, imetengenezwa na watu wa hospitali ya chuo kikuu cha Basel kule Uswisi, toleo la kwanza lilitoka 2022 likiwa linatambua viungo 104 kwenye CT, na humo ndani pingili za mgongo zimo, kila moja kwa jina lake: saba za shingo C1 mpaka C7, kumi na mbili za kifua T1 mpaka T12, tano za kiuno L1 mpaka L5.

Sasa hapa watu wengi wanachanganya kwa hiyo nisimame kidogo. TotalSegmentator haisemi pingili imevunjika. Inachora mipaka na kutaja jina, basi. Kazi ya kupima kimo ni yako. Zipo programu za biashara ambazo zenyewe zinapiga kengele "hapa pamevunjika", nitazisema mbele, ila zinauzwa na zinaunganishwa na mfumo wa picha wa hospitali, huwezi kuzishusha tu jioni nyumbani. Na TotalSegmentator ya bure si kifaa cha tiba kilichoidhinishwa, kwa hiyo usije ukaandika kwenye faili la mgonjwa "kompyuta imesema". Wewe umeona, wewe umepima, daktari amethibitisha.

Picha zenyewe ziwe za DICOM, yaani mafaili halisi ya picha za hospitali, zitoke kwenye mashine au PACS (mfumo wa hospitali wa kuhifadhi picha) au CD. Usiniletee picha iliyopigwa kwa simu kutoka kwenye filamu iliyobandikwa dirishani, hiyo kompyuta haiwezi kuitumia. Unataka seti yenye slaisi nyembamba, milimita 1 au 1.5, mbili si mbaya. Mashine nyingi zinatengeneza seti mbili, nyembamba na nene ya milimita 5, na kinachohifadhiwa kwenye CD mara nyingi ni ile nene, maana ni nyepesi. Omba ile nyembamba kabla haijafutwa kwenye konso, ile kompyuta ya mashine ya CT. Ukibaki na ya milimita 5 utazame tu kwa macho lakini usipime, kingo za pingili zinakuwa ngazi ngazi na utajidanganya.

Jina la mgonjwa ondoa kabla picha haijatoka kwenye kompyuta ya hospitali. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana yao ya 2019, na taarifa za afya humo zimebanwa kuliko taarifa nyingine. Kuna tovuti zinakuambia pakia CT yako hapa upate majibu bure, mi siziamini. Uzuri wa hizi mbili nilizotaja kazi yote inafanyika kwenye laptopu yako, intaneti unahitaji mara ya kwanza tu kushusha mafaili ya yale ambayo programu imekwisha kufundishwa, ambayo ni mazito, usitumie bando la siku.

Kazi yenyewe

Fungua Slicer, lile folda la DICOM liburute ulidondoshe humo, likubali kuingiza, af bofya mara mbili kwenye seti nyembamba. Yatatokea madirisha matatu ya picha: jekundu ni la mkato wa kawaida, la kijani ni la mbele, la njano ndo la ubavuni, hilo ndo letu. Kwenye sehemu ya Volumes chagua mwonekano wa mfupa, ile yenye picha ya mfupa, kila kitu kitageuka kijivu na mifupa itajichora vizuri.

Kabla hujaiita kompyuta tembeza hilo dirisha la njano kutoka ubavu mmoja mpaka wa pili, taratibu, jicho lako kwenye pingili. Sekunde thelathini. Nakwambia ukweli, hizi sekunde thelathini peke yake zingemsaidia mama mkubwa, na ungekuwa na hospitali ambayo kila CT ya mtu wa zaidi ya miaka 50 inatazamwa hivi, nusu ya mwongozo huu usingekuwa na kazi. Kompyuta inakuja kwa sababu binadamu tunachoka na tunasahau.

Af nenda kwenye orodha ya nyongeza za Slicer, tafuta TotalSegmentator, weka, izime programu uiwashe tena. Ukiifungua chagua kazi ya "total", kama huna kadi ya grafiki weka tiki kwenye Fast, bonyeza Apply. Wanaopenda kuandika amri wenyewe kwa Python, ni hivi:

pip install TotalSegmentator

TotalSegmentator -i folda_ya_ct -o matokeo --fast --roi_subset vertebrae_T11 vertebrae_T12 vertebrae_L1 vertebrae_L2

Hapo nimeiambia ichore pingili nne tu kwa sababu pale kifua kinapokutana na kiuno, T12 na L1, ndo zinapovunjika zaidi, pengine pa kutazama ni katikati ya kifua, T7 na T8. Ukitaka zote toa ile --roi_subset na majina yake, ila laptopu ndogo itakulalamikia. Hiyo Fast inapunguza ubora mpaka milimita 3, kwa hiyo mipaka inayochora ni ya kukuonyesha njia tu. Usipime kwenye rangi, pima kwenye picha yenyewe chini ya rangi.

Ikimaliza kila pingili ina rangi yake na jina. Kitu cha kwanza hakikisha imehesabu sawa. Kuna watu wana pingili ya ziada, kuna ambao L5 imeshikana na sakramu, ule mfupa ulio chini yake, na pingili iliyosinyaa sana mashine inaweza kuiunganisha na jirani yake ikawa kitu kimoja, au kuiruka. Nshaona T12 na L1 zimepakwa rangi moja kama chapati mbili zilizogandana, na sababu ilikuwa ndo hiyohiyo tunayoitafuta. Kwa hiyo penye rangi iliyokaa ovyo usikasirike ukafunga, hapo ndo patazame kuliko kwingine kokote.

Kupima

Chukua kifaa cha mstari kwenye Markups, kaa kwenye dirisha la njano, katikati kabisa ya pingili, pale unapoona uti umepita nyuma yake. Piga mistari mitatu kwa kila pingili yenye mashaka: kimo cha mbele, cha katikati, cha nyuma. Kama mgongo wa mgonjwa umepinda kwenda ubavuni, geuza kwanza picha ifuate mgongo wake, la sivyo unapima mshazari na kila pingili itakuwa "imevunjika".

Hesabu inayotumika dunia nzima ni ya Genant ya mwaka 1993. Kimo kikipungua asilimia 20 mpaka 25 ni daraja la kwanza, 25 mpaka 40 la pili, zaidi ya 40 la tatu. Na umbo lina majina, kuna ya kabari ambapo mbele ndo imeshuka, kuna ya katikati kubonyea juu na chini kama kokwa la embe lililonyonywa, na kuna ya kusagika yote.

Twende na mfano. Mbele nimepata milimita 17, nyuma 24. Gawanya 17 kwa 24 unapata 0.71, maana yake imepungua asilimia 29, daraja la pili hiyo. Lakini kama nyuma nako kumeshuka, huo uwiano utakudanganya kwamba kila kitu sawa, kwa hiyo linganisha na jirani wa juu na wa chini. T11 yake ina 23, L1 ina 25, hii T12 katikati ina 17 mbele: hapo hakuna ubishi.

Namba peke yake haitoshi lakini. Kinachotofautisha pingili iliyovunjika na iliyozaliwa hivyo ni ule uso wake wa juu au wa chini, ile sahani inayokaa kwenye diski. Iliyovunjika sahani yake imebonyea au ina mkwaruzo. Pingili nyingi za T11 mpaka L1 ni nyembamba kidogo kwa mbele tangu ujana na hazina shida yoyote, sahani zimenyooka kama meza. Ukinikuta nabishana na mtu kwenye korido juu ya CT, tisa kwa kumi ni habari ya daraja la kwanza. Hata wakubwa hawakubaliani hapo. La pili na la tatu hatubishani.

Ukishakuwa hapo pima na uzito wa mfupa, ni bure. Nenda kwenye L1 kwenye mkato wa kawaida, ndani kwenye ile sehemu ya sponji, kwa mbele, usiguse ganda la nje wala mshipa wa katikati nyuma, chora duara usome wastani wa namba za Hounsfield, ndo kipimo cha CT cha uzito wa kitu. Mwaka 2013 Wamarekani wakiongozwa na Pickhardt walilinganisha CT za tumbo na kipimo chenyewe cha mifupa cha DXA kwa watu zaidi ya 1,800, wakakuta ukitumia mpaka wa 160 unawanasa asilimia 90 ya wenye mifupa dhaifu ila na wazima kibao wanaingia kwenye wavu, na ukitumia 110 unaowanasa wengi ni wa kweli ila unaacha wengi nje. Mi chini ya 110 naandika, kati ya 110 na 160 natazama umri na historia. Angalieni vitu viwili: CT iwe imepigwa kwa kV 120 (nguvu ya umeme wa mashine), maana kV ikibadilika namba inabadilika, na kama mgonjwa alichomwa dawa ya kontrasti namba inapanda, mfupa unaonekana mzito kuliko ulivyo. Na ile statistiki inayotolewa na TotalSegmentator yenyewe usiilinganishe na hizi namba, yenyewe inahesabu pingili nzima pamoja na ganda na mikia ya nyuma. Nilipoteza wiki nzima hapo nikidhani wagonjwa wangu wote wana mifupa ya chuma.

Sio kila iliyobonyea ni mifupa ya uzee

Hii sehemu usiiruke, hasa ukiwa huku kwetu. Programu nyingi zimefundishwa kwa picha za Ulaya na Marekani ambako pingili ikibonyea wazo la kwanza ni udhaifu wa mifupa. Kwetu kuna TB ya mgongo. Ukiona pingili mbili zinazopakana zimeliwa, na diski ya katikati imekwisha, na pembeni pamevimba kuna usaha unashuka kwenye msuli wa psoas, hiyo weka pembeni habari ya kalsiamu, huyo ni TB mpaka itakapothibitishwa vinginevyo. Pingili iliyovunjika kwa udhaifu wa mfupa kwa kawaida diski zake zipo. Kuna saratani, ya tezi dume kwa wazee wa kiume na ya titi kwa akina mama, hizi zinakula mpaka vile vishikizo vya nyuma na ukuta wa nyuma unatuna kuelekea kwenye uti. Kuna mayeloma, saratani ya uboho. Kuna seli mundu, kijana wa miaka ishirini pingili zake zimebonyea katikati kama herufi H, zote, mfululizo, na hiyo sio ya kuhesabu kwa Genant. Kompyuta haiyajui haya, kwayo kimo kimepungua basi kimepungua.

Na kitu kingine ambacho CT haikuambii vizuri ni imevunjika lini. Ukikuta picha ya zamani linganisha, ndo njia rahisi. Bila hiyo ni MRI (picha za sumaku), pingili iliyovunjika karibuni inawaka kwa maji kwenye picha zake zinazoitwa STIR.

Zile zinazopiga kengele zenyewe, na habari ya shingo

Wenzetu wenye hela hawapimi kwa mkono. Kampuni ya Israeli, Zebra Medical Vision, ilipata kibali cha FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, mwaka 2020 kwa programu inayopitia CT na kutoa tahadhari ya pingili zilizobonyea, mwaka uliofuata ikanunuliwa na kampuni ya Nanox. Uingereza kuna mradi wa ADOPT unaoongozwa na Oxford unaotumia hiyo teknolojia kwenye hospitali za NHS, yaani za serikali, na nilichopenda kwao ni kwamba majibu hayaishii kwenye kompyuta, yanakwenda kwa kitengo maalumu ambacho kazi yake ni kumtafuta mgonjwa na kumuanzishia dawa. Kitengo hicho ndo dawa yenyewe kwa kweli.

Shingo ni mambo mengine, hapo tunazungumzia ajali, dakika, na mtu ambaye akigeuzwa vibaya anapooza. Mwaka 2022 chama cha radiolojia cha Marekani Kaskazini, RSNA, kiliandaa shindano la kufundisha kompyuta kutafuta mivunjiko ya C1 mpaka C7, wakakusanya CT kama 3,000 kutoka taasisi 12 za mabara sita. Zile picha zipo wazi, ukitaka kujifunza kutengeneza yako anzia hapo. Lakini usilale usingizi ukiwa na hizo programu: utafiti mmoja wa 2021 uliipima programu ya shingo iliyokwisha kuruhusiwa kwenye CT 665, ikanasa asilimia 76 ya wenye mivunjiko, madaktari 93. Ilizokosa nyingi zilikuwa za vimikia vya pembeni na vya nyuma, na zile za chini ya shingo ambako mabega yanaharibu picha. Maana yake kompyuta ikinyamaza bado kola ya shingo haivuliwi, inavuliwa na daktari aliyempima mtu.

Na hata kwa hizi za wazee fanya hesabu ndogo kabla hujamuuzia mtu wazo. Tuseme una CT 100, kumi zina pingili iliyovunjika kweli, na programu inanasa nane kwa kumi na inakosea mtu mzima mmoja kwa kumi. Itapiga kengele 17: nane za kweli, tisa za uongo, na mbili za kweli zimepita kimya. Kama huna mtu wa kutazama hizo 17 usiwashe hiyo mashine, utawatisha watu bure. Kama unaye, 17 ni chache mno kuliko 100, na hapo ndo faida yake ilipo.

Ukishaipata

Andika kwenye ripoti neno lenyewe: *pingili ya T12 imevunjika, daraja la pili*. Usiandike "mabadiliko ya umri", usiandike "imepungua kimo kidogo", maana daktari wa wodini anasoma mstari wa mwisho tu, na hayo maneno laini ndo yaliyotufikisha hapa. Ikae kwenye hitimisho, sio katikati ya aya ya tatu baada ya kibofu. Ukiwa radiografa kama mimi huandiki ripoti, basi mfuate anayeandika, mkononi na namba ya mgonjwa. "Dokta samahani, tupia jicho ubavuni mwa huyu bibi." Hakuna daktari wa maana atakayekasirika.

Daktari atataka kujua sababu: kalsiamu, vitamini D, figo, damu kamili na ESR (kipimo cha damu cha uvimbe mwilini), kwa wazee wa kiume PSA (kipimo cha tezi dume), na dawa anazotumia. Prednisolone ya muda mrefu inakula mifupa. Tenofovir nayo inapunguza kidogo, sio sababu ya mtu kuacha ARV, ni sababu ya kumtazama kwa karibu, na hilo mwambie waziwazi, maana ukimtajia nusu anaenda kuacha dawa. Kama DXA ipo anapelekwa, kama haipo pingili iliyovunjika yenyewe kwa mtu wa umri huo bila ajali ni ushahidi mzito. Dawa kama alendronate au sindano ya zoledronic acid ya mara moja kwa mwaka ni za daktari kuamua baada ya kuona figo na kalsiamu. Alendronate ikishaandikwa, maelekezo yake yarudie mara mbili: asubuhi tumbo tupu, glasi nzima ya maji, af hakuna kulala wala kula kwa nusu saa, inachoma umio.

Nyumbani waambie wasimpeleke kwa mkandaji. Najua inauma kusikia, wakandaji wetu wana mikono mizuri, lakini pingili iliyovunjika kukanyagwa kwa kisigino ni hatari. Na akianza kulegea miguu, ganzi katikati ya mapaja, mkojo kugoma au kutoka wenyewe, hapo hakuna kusubiri kliniki ya Jumatatu, ni hospitali usiku huohuo.

Nani uanze naye kama una CT mia tatu za mwaka jana na jioni moja tu kwa wiki? Wanawake waliopita miaka 65 kwanza, af yeyote mwenye prednisolone kwenye fomu, af aliyepungua urefu kama sentimita 4 ukilinganisha na ujana wake, hili utalijua kwa kumuuliza tu kama bado anafikia rafu aliyokuwa anaifikia. Mi nachukua kumi kwa jioni. Kwenye daftari naandika namba ya picha, pingili gani, vimo vitatu, namba ya L1, kontrasti ndiyo au hapana, daktari aliyeambiwa na tarehe aliyoambiwa. Jina naliacha kwenye mfumo wa hospitali. Safu ya mwisho nimeiongeza baadaye baada ya kupoteza wagonjwa watatu ambao tuliwaona kwenye picha na hatukuwapata tena: namba ya simu, mapokezi wahakikishe imeandikwa na ya mtu wa pili wa nyumbani, maana bibi wengi simu yao iko kwa mjukuu, na mjukuu yuko chuo.